Muhuri wa Mwalimu wa Saiberi

Asubuhi ya mtihani wa taifa, mwalimu wa saiberi alisimama langoni mwa shule yetu ya Tezo, kanzu yake imepigwa pasi mpaka mikono imesimama kama mbao, ameshika boksi la kalamu. Kila mtoto aliyeitwa jina alipita mbele yake akapewa kalamu moja na dua fupi. Aliyekuwa akisoma majina ni Bwana Katana, mwalimu mkuu. Alisoma mpaka orodha ikaisha. Mwanangu Kadzo akabaki peke yake upande wa nje wa lango, sare imefuliwa, soksi mpya, rula mkononi.

Bwana Katana akakunja karatasi yake, akanisogelea, akaniambia kwa sauti ya chini, kama mtu anayempa mwenzake pole ya msiba, "Mama Kadzo, binti yako ni mia tano, si unajua. Mimi hapo sina la kufanya."

Ndipo yule mwalimu wa saiberi alipomwendea mwanangu. Alichagua kalamu kwenye boksi, akaijaribu wino kwenye ukucha wake, akamwekea kiganjani. "Mwakani, inshallah," akamwambia. "Mama atazirekebisha zile karatasi."

Kadzo hakulia. Aligeuka akanitazama. Hakumtazama yeye wala Katana, alinitazama mimi. Mume wangu alitumbukia kwenye tanuri la makaa kule Ganze, nikamtoa kwa mikono hii. Nimepita njaa mbili, nimechemsha majani ambayo hata mbuzi hawayataki. Nimebaki hai kwa yote hayo. Lakini sijawahi kutazamwa na mtu kama nilivyotazamwa asubuhi ile na mtoto niliyemzaa.

Huyo mwalimu hakuwa mwalimu. Hakuna darasa alilowahi kusimama mbele yake. Watu walimwita hivyo kwa sababu ya miwani, na kwa sababu ya Kiswahili chake cha Malindi ya mji wa kale, kile Kiswahili kilichonyooka ambacho sisi wa bara ya Kilifi tukikisikia tunakaa vizuri kwenye kiti. Alikuwa na saiberi nyuma ya soko la Kilifi, chumba kirefu chembamba chenye kompyuta nne na benchi moja. Mtu akitaka chochote cha serikali siku hizi, cheti cha mtoto, kitambulisho kilichopotea, posho ya wazee, haendi tena ofisini. Ofisini humwambia aende mtandaoni. Na kwetu mtandaoni maana yake ilikuwa kwake.

Nitaanza na lile benchi. Kompyuta zake zote zilielekea ukutani alikokaa yeye, na benchi la wateja lilikuwa upande wa pili. Wewe uliyekuja na shida yako ulikaa ukitazama mgongo wa mashine, nyaya na vumbi, na juu ya nyaya ukaona paji la uso la mwalimu na miwani yake ikimeta. Habari zako zilikuwa mbele yake, mgongo wa mashine ulikuwa mbele yako. Siku moja mama mmoja wa Kibarani alisimama azunguke aone kilichoandikwa. Mwalimu alimwambia kwa upole mkubwa, "Keti, mama yangu. Hapa pana siri za watu." Mama akaketi, tena akaomba radhi. Mimi nilikuwepo, na nilimwona yule mama kuwa ni mshamba. Leo najua kwamba yeye ndiye aliyekuwa na akili kutushinda sote tuliotulia.

Alikuwa na kauli moja aliyopenda kuisema huku akifuta miwani: mashine haikosei, anayekosea ni mtu. Aliisema kwa wazee, aliisema kwa vijana, aliisema hata kwa askari aliyekuja kutafuta cheti cha mkewe. Wakati wa sala ulipofika alifunika kila kompyuta kwa leso yake, taratibu, kama mtu anayefunika watoto waliolala, akatuacha kwenye benchi tukitazama leso nne. Hakuna aliyediriki kugusa. Heshima ile tuliyozipa zile mashine, sijui kama tuliwahi kuwapa wazazi wetu.

Sasa nambari. Ukurasa wa serikali ukikataa kufunguka, kwenye kioo hutokea nambari ya tarakimu tatu na maneno machache ya Kiingereza. Hilo nimelijua baadaye. Wakati ule sisi tulijua tu kwamba mwalimu atabonyeza, atangoja, atavuta pumzi ndefu, atavua miwani, kisha atatamka nambari yako. Alikuwa na daftari la jalada gumu ambamo ameandika kila nambari na maana yake, kwa mwandiko mzuri ajabu. Mia nne na tatu, umekatazwa. Mia nne na nne, hujulikani. Mia tano, karatasi zako zina kasoro. Mia tano na tatu, umechelewa. Kulikuwa na moja iliyotokea kwa nadra, mia nne ishirini na tisa. Hiyo aliandika: unaisumbua serikali. Mzee mmoja wa Tezo alipata hiyo, akaenda nyumbani akiwa na aibu, akakaa miezi mitatu bila kuomba kitu chochote kwa mtu yeyote.

Na kama angeishia kutamka, huenda yasingefika mbali. Lakini mwalimu alipenda mambo yakamilike. Alichukua nusu karatasi, akaandika jina lako, nambari yako na tarehe, akagonga muhuri wa wino wa zambarau wenye picha ya kompyuta katikati. Akakupa. Wewe ukakikunja kile kikaratasi ukakitia kwenye mfuko wa plastiki pamoja na kitambulisho, ukaenda nacho kwa chifu, kwa sababu kitu chenye muhuri hakikai nyumbani.

Ofisini kwa chifu kule Ganze palikuwa na karani, Mwaringa. Namtaja kwa jina kwa sababu yupo hai na ana masikio. Mwaringa hakuuliza kile kikaratasi kimetoka wapi. Aliona muhuri, akafungua faili. Akawa na faili la mia nne na nne, faili la mia nne na tatu, faili la mia tano, na juu ya hili la mwisho akaandika WALIOKATALIWA. Mwenye saiberi nyuma ya soko, mtu asiyeajiriwa na serikali hata siku moja, akawa anatoa hukumu, na karani wa serikali anazipanga kwenye kabati.

Ikafika mahali watu wakaitana kwa nambari. Kwenye foleni ya maji wanawake wakiulizana, wewe ni ngapi, mwenzio hujibu bila kufikiri. Waliopata nambari inayofanana walisaidiana ndoo. Kuna posa iliyokwama miezi kadhaa kwa sababu baba wa kijana alikuwa mia nne na nne, na wazee wa upande wa msichana wakauliza mtu asiyejulikana na serikali wao watamtambua vipi. Ukicheka, cheka, nami nilicheka. Nilicheka mpaka siku nilipopewa yangu.

Nilikwenda kwake kutafuta cheti cha kuzaliwa cha Kadzo. Bila cheti, jina la mtoto haliingii kwenye orodha ya mtihani. Bwana Katana alitutangazia mapema, na muda ulikuwepo wa kutosha. Kadzo nilimzaa Ganze, kadi ya kliniki ninayo, haina hata tone la chai. Nikaketi kwenye benchi. Mwalimu akachapa, akabonyeza, akangoja. Akavuta pumzi. Akavua miwani.

"Mama yangu," akasema, "mia tano."

"Ndiyo nini hiyo, mwalimu?"

"Karatasi zako zina kasoro."

Nikamuuliza kasoro ipi. Akaniambia mashine haisemi ipi, inasema ipo, ni kazi yetu kuitafuta. Akazitandaza karatasi zangu mezani, akaanza kuitafuta kwa kidole. Na kwa watu kama sisi ukitafuta utapata. Kwenye kadi ya kliniki nesi aliandika jina la baba na herufi moja zaidi kuliko ilivyo kwenye kitambulisho. Ndiyo hiyo, akasema, na akafurahi kabisa, kama fundi aliyeona msumari uliotoboa gurudumu. Akaniandikia kikaratasi, akagonga muhuri, akaniambia niende Ganze kwa chifu nikaandikiwe barua.

Gari linaishia njia panda, kutoka hapo ni miguu. Nikaenda. Mwaringa akaniambia chifu yuko mkutanoni, nirudi baada ya siku mbili. Nikalala kwa dada yangu, nikarudi, nikaandikiwa barua. Nikaileta Kilifi. Mwalimu akabonyeza. Mia tano. Akatafuta tena, akaona tarehe kwenye kadi imeandikwa juu ya tarehe nyingine. Ganze tena. Nikarudi na barua ya pili. Mia tano. Safari hii kasoro ilikuwa alama ya kidole gumba changu, imefifia. Imefifia kwa makaa, nikamwambia, vidole vyangu vyote ndivyo vilivyo. Akaitikia kwa huzuni ya kweli. Ganze tena, chifu ashuhudie kidole. Wakati huo wote sikuchoma makaa, sikupalilia, jirani ndiye aliyempikia mwanangu. Niliporudi kwa mwalimu mara ya nne, bado mia tano, na Bwana Katana alikuwa ameshapeleka orodha. Pembeni ya jina la Kadzo alikuwa ameandika 500 kwa kalamu nyekundu, kutoka kwenye kikaratasi changu mwenyewe nilichompa kwa mkono wangu. Katana alimwambia Kadzo aje tu siku ya mtihani na sare yake, huenda jina likaingia dakika za mwisho.

Katana naye namtaja. Mwalimu mkuu wa shule ya jirani alikuwa na watoto sita wasio na vyeti. Aliwachukulia kadi zao za kliniki, akaenda nazo mwenyewe ofisi ya elimu, akakaa mlangoni kwa mkubwa wa ofisi mpaka wote sita wakaandikishwa mtihani kwa mkono. Katana alikuwa na mmoja. Alisoma nambari kwenye nusu karatasi ya saiberi, akaona kazi imeshakwisha.

Tuliporudi nyumbani siku ile ya mtihani, Kadzo alivua sare akaikunja vizuri. Kisha akasema jambo moja, na hakulirudia tena mpaka leo. "Mama, kama ungekuwa unajua kusoma, ungeiona hiyo kasoro mapema."

Mimi niliishia darasa la nne. Niliamini anasema kweli. Mwaka uliofuata hakutaka kurudi akae na watoto wadogo. Akaanza kufua nguo za watu kwenye nyumba za kupanga. Aliniheshimu, aliniamkia kila asubuhi, alinipikia nikiugua. Lakini akiletewa barua au karatasi yoyote pale nyumbani, anaichukua mwenyewe kabla sijaigusa.

Nitasema na mema yake, nisije nikaambiwa nina chuki tu. Wajane hakuwatoza. Mimi kwa ujane wangu hakunitoza hata mara moja kati ya mara zote nne, na kabla ya kuondoka alinipa uji wa mtama kwenye kikombe chake mwenyewe. Madrasa ya jirani yake ilitengenezewa kompyuta bure. Alikuwa na paka watatu wasio na wenyewe aliowalisha vichwa vya dagaa. Kuna bibi kiwete wa Mnarani ambaye kila akija mwalimu alitoka nje akambeba kuingia ndani, mtu mzima na kanzu yake nyeupe, jasho likimtoka. Alilia kwenye mazishi ya watu asiowajua. Haya yote ni kweli na nimeyaona kwa macho. Wema huo ndio uliotuziba midomo. Mtu aliyekupa uji utamwambiaje zungusha hicho kioo nikione?

Nilijifunza maana ya nambari Malindi. Kadzo alipoacha shule nilitafuta kazi ya kufagia, nikapata kwenye duka la vifaa vya ujenzi la familia moja ya Kihindi. Baba mwenye duka ni mzee sana sasa, anayeendesha ni binti yake, Bhavna, mwanamke wa umri wangu, anayezungumza Kiswahili cha sokoni kwa kasi kama anagombana. Duka lina tovuti yake. Mahoteli ya Watamu huagiza rangi na mabomba humo bila kuja. Asubuhi moja nilikuwa napangusa meza nikamsikia Bhavna akiguna. Nikatazama kioo chake, kwa sababu kioo cha Bhavna kinaelekea popote. Katikati ya weupe palikuwa na tarakimu ninazozijua kuliko jina langu. 500.

Nilimwonea huruma. Nilifikiri na yeye sasa ataanza safari.

"Loo," akasema Bhavna, "ni sisi." Akachukua simu, akampigia fundi wake, akamwambia seva imeanguka, amka.

Nikamuuliza, ni sisi nini.

"Sisi ndio tumeharibikiwa. Duka. Mteja hana kosa."

"Humwambii mteja akalete barua kwa chifu?"

Alinitazama akidhani natania, akacheka mpaka akakohoa. Aliponiona sicheki, akavuta kiti kingine. Nikamweleza. Akasikiliza mpaka mwisho, na huyo si mtu wa kusikiliza mpaka mwisho. Kisha akachukua kipande cha boksi akaniandikia.

Akaniambia nisitazame nambari nzima, nitazame tarakimu ya kwanza. Kompyuta ya hapa inauliza. Kuna kompyuta nyingine kubwa mahali, hiyo ndiyo seva, ndiyo inayotunza kurasa, nayo inajibu. Kila ikijibu inatanguliza nambari. Ikianza na mbili, mambo ni sawa, na hiyo huioni kamwe, maana ukurasa ukifunguka vizuri hakuna anayehangaika kukuonyesha nambari. Ikianza na tatu, ulichokitafuta kimehamia pengine, na mara nyingi kompyuta inakupeleka yenyewe. Ikianza na nne, aliyeuliza ameuliza vibaya. Ikianza na tano, aliyeulizwa ameshindwa kujibu.

Akanionyesha. Aliandika anwani ya tovuti yake, mwishoni akakosea herufi moja makusudi. Ikatokea mia nne na nne. "Nani amekosea hapa?" akauliza. Nikasema wewe, uliyechapa. "Haya."

Hapo nikamkumbuka mzee mmoja wa Dabaso, mlinzi wa daraja la mbao lililo kwenye mikoko ya huko. Alikwenda kwa mwalimu kwa ajili ya posho ya wazee, akaambiwa mia nne na nne, hujulikani. Mzee wa watu alirudi kwao akakusanya ndugu, majirani na imamu, wakaweka vidole gumba kwenye karatasi ndefu kushuhudia kwamba huyu mtu yupo na wanamjua. Alikufa huku ile karatasi bado inaongezwa vidole. Nikamuuliza Bhavna kama inawezekana ilikuwa herufi moja tu, mwalimu amechapa vibaya. Akasema inawezekana, au ofisi imeufuta ukurasa, lakini nambari ile haimsemi mzee. Inasema ukurasa ulioombwa haupo.

"Na anayekaa kwenye benchi?" nikamuuliza. "Yeye ana nambari ipi?"

"Mashine haijui kama kuna mtu kwenye benchi, mama."

Nikauliza la mwisho, na nililiuliza polepole. Mtu akipata mia tano, karatasi zake afanye nini.

"Karatasi gani? Huenda hata hazikusomwa. Unangoja, unajaribu kesho. Ukiona inaendelea unaipigia simu ofisi, unawaambia mashine yenu mbovu."

Kungoja. Kujaribu kesho. Nilitembea Ganze mara tatu kurekebisha karatasi ambazo hakuna aliyezisoma.

Jioni hiyo nilipanda gari mpaka Tezo na kile kipande cha boksi kwapani, nikamweleza Kadzo kama nilivyoelezwa, moja moja: mbili, tatu, nne, tano. Alisikiliza huku akikunja nguo za watu. Akasema, "Mama, ile ya mwalimu ilikuwa na muhuri. Hii umeandikiwa na watu wa dukani, kwenye boksi la misumari." Akasema kwa upole, na huo upole ulinichoma. Mimi siwezi kumshawishi. Neno la mama wa darasa la nne halina uzito mbele ya wino wa zambarau.

Mwalimu mwenyewe nilimwona mwaka huu. Aliingia pale dukani Malindi saa nne asubuhi, kanzu ileile iliyosimama kama mbao, amezeeka shingo tu. Alitaka makufuli mawili na rangi ya buluu. Mdomo kwa mazoea ukamwamkia shikamoo. Akaitikia marahaba, akanitazama, akanikumbuka, akafurahi.

"Mama Kadzo! Binti alifanya mtihani?"

Nikamwambia hakufanya. Akatikisa kichwa, akasema subhanallah. Akaeleza rangi ni ya nini: anafungua saiberi nyingine, Ganze, ili watu wasitembee tena mpaka Kilifi. Kompyuta mbili kwa kuanzia. Alisema kama mtu anayetoa sadaka.

Nikamuuliza, "Mwalimu, tano ina maana gani?"

Alifikiri nauliza bei ya kitu. Nikamwambia ile tano ya mbele, kwenye mia tano. Alivua miwani, na safari hii hakuifuta, aliishika tu. Bhavna aliacha kuhesabu makufuli.

"Maana yake seva yao ina hitilafu," akasema.

"Ulijua lini?"

"Nimejua siku zote, mama yangu. Imeandikwa pale pale, kwa Kiingereza."

Sikutegemea hilo. Miaka yote nilimwona ni mjinga mwenye kanzu, na mjinga unaweza kumsamehe. Nikamuuliza kwa nini, basi. Akaketi kwenye debe la rangi, akanieleza bila hasira, na nataka kumtendea haki, nayaweka maneno yake kama alivyoyasema.

"Mtu amekuja kwa miguu kutoka Ganze. Nikimwambia mashine ya serikali imeharibika, yeye atafanya nini? Ataketi pale benchini akate tamaa, au atanitukana mimi. Nikimwambia karatasi zako zina kasoro, anayo kazi ya kufanya. Anaondoka na kitu mkononi. Mimi niliwapa watu kitu cha kufanya."

"Ulinipa kosa lisilo langu."

"Nilikupa tumaini."

"Mtoto wangu anaamini mimi ndiye niliyemkosesha mtihani."

Akasema watoto husahau. Akanyanyuka, akachukua makufuli yake na rangi yake, akamshukuru Bhavna kwa Kiswahili kizuri, akaniombea afya. Mlangoni akageuka akasema saiberi ya Ganze itahitaji mtu wa kufagia, nami nina ndugu kule, nifikirie.

Nimefikiria. Mwaringa ajibu kwa nini kabati la serikali lina faili za hukumu zilizotoka nyuma ya soko, na awaite wenye majina hayo mmoja mmoja awaambie hawajakataliwa na mtu. Katana ajibu kwa nini mtoto mmoja alimshinda kumbeba. Wenye ile seva nao wajibu, maana walikuwa wameharibikiwa mwezi mzima na hakuna aliyetoka nje kusema ni sisi, kama Bhavna alivyosema kabla chai yake haijapoa.

Lakini wewe, mwalimu, nakutaka kwanza, kabla hujapaka huo mlango wa Ganze rangi. Neno langu kwa Kadzo halipiti, lako linapita, umelijenga wewe mwenyewe likawa zito hivyo. Siku sita yuko kwenye nguo za watu. Jumapili asubuhi yupo nyumbani Tezo, uliza nyumba ya mama wa makaa, utaonyeshwa. Njoo uketi chini, umwambie kwa mdomo wako kwamba karatasi za mama yake zilikuwa sawa, na kwamba ulijua. Halafu usiondoke. Ngoja akuulize anachotaka kukuuliza, umjibu.